Maji ya kisima yakianza kuwa na chumvi

Mama, ukiishi kwenye uwanda wa mawe ya matumbawe, kama Jambiani au Paje upande wa mashariki wa Unguja, huenda umeona maji ya kisima yanabadilika ladha kiangazi kinapokuwa kirefu. Bahari imepanda kutoka chini.

Mvua hupenya haraka kwenye mawe haya yenye matundu, ikakaa chini kama tabaka jembamba la maji matamu linaloelea juu ya maji ya bahari. Kwa makadirio, maji matamu yakishuka sentimita 1, maji ya bahari huja kupanda sentimita 40. Ndiyo maana pampu moja inayovuta usiku kucha, iwe ya hoteli au ya muuza maji, inaweza kukiharibu kisima cha jirani anayechota ndoo nne tu.

Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi. Dawa ya kutibu maji nayo haiiondoi. Hili ni muhimu zaidi mtoto anapoharisha: ORS ina chumvi iliyokwisha kupimwa, hivyo ukiikoroga kwa maji ya chumvi unamzidishia, na inaweza kumdhuru. Tumia maji matamu au ya mvua, yaliyochemshwa yakapoa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Huna? Endelea kumnyonyesha na umwahishe kituo cha afya. Mtoto wa chini ya miezi 6 anatosheka na maziwa ya mama, hata wakati wa joto. Mjamzito, hasa mwenye presha, naye atengewe maji matamu.

Peke yako hutaweza kukilinda kisima. Lipelekeni jambo hili kwa sheha: pampu zipangiwe saa za kupumzika, visima vingi vichotwe kidogo kidogo badala ya kimoja kukamuliwa, na maji matamu yaanzie nyumba zenye wachanga, wajawazito na wagonjwa. Kufua na kuosha vyombo kunaweza kutumia ya chumvi. Anayechota kila alfajiri ndiye wa kwanza kujua kisima kipi kimebadilika, kwa hiyo kinamama wasikose kwenye kikao hicho.

Ulizeni pia kuhusu vyoo. Matumbawe hayachuji uchafu kama udongo, na shimo la choo karibu na kisima huleta kuharisha hata kama maji ni matamu.

Masika ikikaribia, safisha bati na tangi. Mvua ya kwanza iache ioshe paa, kisha kinga, na ufunike. Kisiwa cha Chumbe hakina kisima cha maji matamu. Wageni wake hutumia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mapaa.