Kimoro cha Nyumbu Jikoni Mwetu

Nyumbu wavukapo Mto Mara, kati ya Julai na Oktoba, kimoro huingia kimyakimya majikoni Tarime na Serengeti. Mjane mmoja alikileta kipande msikitini. "Ustadhi, jirani kanipa. Wanangu wana njaa. Niwapikie?"

Simba na chui hawana mjadala: Mtume (s.a.w.) amekataza kila mnyama mkali mwenye chonge. (Fisi ana khitilafu, Mashafii wamemhalalisha, ingawa sijamwona Mshafii wa Mugumu akimla.) Nyumbu ni halali kwa asili yake. Tatizo ni waya. Mtego humkaba shingo usiku, na mara nyingi mtegaji humkuta asubuhi amekwishapoa. Suratul Maida, aya ya 3, imemharamisha mnyama aliyekufa kwa kukabwa, ila akiwahiwa kuchinjwa. Nyama iliyokwisha kaushwa haisemi mnyama wake alikufaje, na moshi hauhalalishi mzoga. Tena Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 humtia hatiani anayekutwa nayo bila kibali.

Nilimwambia asiipike. Aliniuliza, basi wale nini? Kamati ikachanga unga na dagaa, vikamfikia kabla ya Magharibi.