Menyu Inapochelewa: Ulipie Nini Kwanza?

Ukimpelekea fundi wa Chake Chake, Pemba, laptopu ambayo menyu zake zinasuasua, jibu la kwanza huwa lile lile: tupige Windows upya. Unalipa, unaondoka na mashine safi, na baada ya wiki chache uko pale pale, kwa sababu kilichokuwa kinaichelewesha hakikuguswa. Kupiga Windows upya kunasaidia mashine iliyojaa virusi na programu za ovyo. Diski iliyochoka haiponi kwa njia hiyo, wala kadi ya picha isiyopata dereva wake. Kabla ya kutoa hata shilingi, iangalie menyu inavyochelewa, maana kila tatizo lina mwendo wake.

Washa mashine, iache itulie, kisha bofya. Menyu ikifunguka tupu, vijipicha vikaingia kimoja kimoja, halafu ukiifunga na kuifungua tena inakuja papo hapo, shida ni diski: mara ya kwanza vijipicha vilisomwa kutoka kwenye sahani inayozunguka, mara ya pili vimeshakaa kwenye RAM. Menyu ndogo, zile zinazochomoza ubavuni, zikichelewa kwa kiasi kile kile kila mara, asubuhi na jioni, hapo hakuna kilichoharibika. Windows yenyewe imepangwa kuzisubirisha milisekunde 400, karibu nusu sekunde, na namba hiyo imeandikwa kwenye rejista ya mipangilio yake kwa jina MenuShowDelay. Ishushe hadi 50, toka kwenye akaunti na uingie tena. Mashine ya miaka kumi itaonekana imezinduka, na hujalipa kitu.

Uzito ukija pale tu kivinjari kinapokuwa na kurasa nyingi, RAM imejaa. Na menyu ikifungwa ikaacha doa jeupe au kivuli juu ya maandishi, kinachobaki mpaka usogeze dirisha, mtuhumu dereva wa kadi ya picha, au zile mbwembwe za vivuli na madirisha yanayopenyeza mwanga. Mbwembwe hizo huzimwa kwenye mipangilio, nazo ni bure kuzizima.

Sasa tuje kwenye fedha. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida ya bure. Laptopu nyingi za mtumba, mfano HP EliteBook 840 G1 hadi G3, zina prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, na Windows 11 haizikubali rasmi. Microsoft inauza mwaka mmoja wa masasisho ya usalama, hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, zaidi ya shilingi 70,000. Usikimbilie kulipa: ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwao, unayapata bila malipo. Vyovyote vile, masasisho hayo yanalinda tu. Menyu haitaongeza kasi hata chembe.

Kama una fedha za kununua kitu kimoja tu, nunua SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka. Ya GB 256 inatosha mashine ya kazi za ofisi, na EliteBook hizo zinaipokea kwa kufungua kifuniko na kukaza skrubu chache. Hakuna matumizi mengine ya fedha yanayobadilisha laptopu ya zamani kiasi hicho. RAM iwe ya pili, na tangu mwishoni mwa 2025 bei yake imepanda duniani kote kwa kuwa viwanda vinaelekeza chipu zao kwenye vituo vikubwa vya akili mnemba. Angalia pia aina: G1 inatumia DDR3L, G3 inatumia DDR4, na moja haiingii mahali pa nyingine. Hapa ndipo bei nafuu ya maduka ya Darajani, Unguja, inapodanganya. Kipande kikishashuka bandari ya Mkoani na boti kisha kikakataa kuwaka, kukirudisha Unguja ni nauli na siku zako. Mimi ningelipa zaidi kidogo Chake au Wete, kwa muuzaji anayekubali tukijaribu mbele yake.

Njia ya tatu ni kubadilisha mfumo mzima, kutoka Windows kwenda Linux, na watu huiogopa kuliko inavyostahili. Programu huria si ngeni kwetu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili, mwaka 2004. Linux Mint yenye mazingira mepesi ya Xfce inaanzia RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo inayopendekezwa. Gharama yake halisi ni bando, kwani faili linakaribia GB 3. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) mwenye flashi anaweza kukuokoa hapo. Uzuri wake ni kwamba unaijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski: ukiona doa jeupe limetoweka, umeshajua kuwa kadi ya picha ni nzima na wa kulaumiwa alikuwa dereva.

Mashine ikishindwa hata na Xfce, kuna vidhibiti madirisha viwili, yaani programu zinazochora madirisha na menyu, vilivyo vyepesi zaidi, vyote vya tangu 1997. IceWM, iliyoanzishwa na Marko Maček, ina mstari wa chini na kitufe cha kuanzia kama Windows 95, na huja ndani ya antiX. Muda wa kusubiri menyu umeandikwa kwenye faili la maandishi la kawaida, unalihariri mwenyewe. Window Maker ya Mbrazili Alfredo Kojima inapendeza zaidi, ila haina kitufe cha kuanzia: menyu inatoka ukibofya kulia mahali patupu. Kwa duka la steshenari ningechukua IceWM bila kujadiliana na mtu. Ukiweka Window Maker, kijana unayemwachia duka atakupigia simu kabla hujafika nyumbani.

Lakini kidhibiti madirisha chepesi hakipunguzi uzito wa kivinjari. Anayeshinda kwenye fomu za mikopo na vyeti mtandaoni atafaidika zaidi na RAM. Na steshenari inayotengeneza kadi za harusi kwa Publisher na Photoshop ibaki na Windows. LibreOffice inafungua faili za Word, ila majedwali huhama, na mteja anayesubiri hataki maelezo.

Jambo dogo linalosumbua wengi: skrini za 1366 kwa 768 hukata madirisha marefu, kitufe cha kukubali kikabaki chini kisikoonekana. Watu wameuza laptopu kwa hilo. Kwenye Xfce na IceWM shikilia Alt, bonyeza popote ndani ya dirisha, ulivute juu. Kwenye Windows bonyeza Alt na kitufe cha nafasi, kisha M, halafu lisogeze kwa mishale.