Mfalme Aliyekula Kete Nne

Mtu akisikia kwamba mchezo umetoka sare hudhani wachezaji wake walikuwa waoga. Sivyo ulivyokuwa mchezo wa sataranji uliochezwa mjini Vienna, katika nchi ya Austria, mwaka 1872. Wachezaji wenyewe walikuwa na kazi zao. Bwana Carl Hamppe alikuwa mtumishi mkubwa wa Serikali. Bwana Philipp Meitner alikuwa mwanasheria, naye ndiye baba yake Lise Meitner, yule bibi wa sayansi ambaye mwaka 1939, pamoja na mpwa wake, alieleza jinsi kiini cha atomu ya urani kinavyopasuka.

Hamppe alishika kete nyeupe. Katika hatua ya tatu alimpeleka farasi ukingoni mwa ubao ili amfukuze askofu wa Meitner. Badala ya kumrudisha, Meitner alimtoa askofu huyo sadaka karibu na mfalme mweupe, na mfalme akamla. Papo hapo malkia mweusi akatoka, akamwandama mfalme mpaka akaacha boma lake. Kisha likatokea jambo la ajabu: Meitner akamtoa malkia mwenyewe, kete yenye nguvu kupita zote, kwa kumpata farasi tu! Kidogo tena akatoa na farasi wake.

Kufikia hatua ya 12 mfalme wa Hamppe alikuwa peke yake katikati ya adui, na watu wake wamelala nyumbani. Malkia wake na ngome zake mbili hawakusogea hata mara moja mchezo mzima.

Hapo Hamppe naye alionyesha akili. Alimsogeza askofu wake mahali ambapo lazima angeliwa, ili ampishe mfalme wake njia. Farasi mweusi akamla askofu, mfalme akamla farasi. Hivyo askofu mmoja, malkia na farasi wawili waliliwa wote na mfalme yule yule.

Ndipo Meitner alipomleta askofu wake wa mwisho ubavuni mwa mfalme. Kumla kulikuwa rahisi, lakini ulikuwa mtego: mfalme mweusi angepiga hatua moja tu, na ngome zingemaliza kazi. Hamppe akarudi nyuma. Askofu akamfuata, akamtisha tena. Kama angekimbilia mbali zaidi, kitunda kidogo kingemfunga. Basi akarejea pale alipotoka, na askofu naye akarejea, na katika hatua ya 18 mchezo ukaishia hapo, sare.