Kabla ya kununua RAM, kompyuta ipimwe kwanza

WENYE maduka ya kuchapa na kutoa kopi katika eneo la Nassa, wilayani Busega, mkoani Simiyu, wanaokusudia kuongeza RAM kwenye kompyuta zao wanashauriwa kuzipima kwanza, kwani soko la bidhaa hiyo limebadilika. Katika nusu ya pili ya mwaka 2025 bei ya chipu za kumbukumbu ilipanda kwa kasi duniani, baada ya watengenezaji wakubwa watatu, Samsung, SK Hynix na Micron, kuelekeza mitambo yao kwenye mahitaji ya vituo vya data vya akili mnemba. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuachana na Crucial, jina lililokuwa likiuza RAM kwa wateja wa kawaida.

Kipimo chenyewe ni bure na kimo ndani ya kila kompyuta ya Windows. Ni Task Manager, programu ndogo iliyoandikwa na David Plummer na kutolewa pamoja na Windows NT 4.0 mwaka 1996. Hufunguliwa kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha ukurasa wa Performance, sehemu ya Memory.

Aliyewahi kupeleka pamba kituoni ataelewa haraka. Diski ni ghala, na RAM ni uwanja ulio mbele ya mizani. Karani hupima kilichopo uwanjani tu. Uwanja ukijaa, mizigo hurudishwa ghalani kupisha mingine, baadaye hutolewa tena, na foleni husimama. Ndivyo inavyokuwa kwa kompyuta ya GB 4 pale mhudumu anapofungua barua ya mteja mmoja, skana ya mwingine na kurasa kumi za kivinjari kwa kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu. Siku ya mwisho ya maombi, mteja huyo hasubiri; huvuka barabara akaenda duka jingine.

Wengi hukimbilia kusoma asilimia, nayo hudanganya. Kuona 70 si ugonjwa. Tarakimu ya kuangaliwa ni ile iliyoandikwa Committed, yenye namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju. Isomwe saa ambazo duka limejaa, si asubuhi mashine inapowashwa. Iwapo namba ya kwanza inakaa juu ya RAM iliyofungwa, kwa mfano 6.2 kwenye mashine ya GB 4, na diski nayo inagonga asilimia 100, basi uwanja ni mdogo kweli na fedha ya RAM haitapotea. Iwapo namba hiyo iko chini na bado diski imefika 100, mara nyingi kikwazo ni diski ya kuzunguka yenyewe, na dawa yake ni SSD. Kuongeza RAM hapo ni sawa na kupanua uwanja wakati mlango wa ghala ndio mwembamba. Aidha, zipo programu zinazojiwasha zenyewe bila kuombwa; huzimwa kwenye ukurasa wa Startup bila kulipa fundi hata senti.

Hata hivyo, wauzaji wa njia za mkato hawajaisha. Mwaka 1995 kampuni ya Syncronys ya Marekani iliuza SoftRAM95, ikidai programu hiyo huongeza kumbukumbu maradufu. Nakala zaidi ya 600,000 zilinunuliwa kabla ya kubainika kwamba haikuongeza chochote, na mwaka 1996 serikali ya nchi hiyo iliibana kampuni kwa madai ya uongo. Programu za siku hizi zinazojigamba kusafisha RAM nazo haziongezi hata baiti moja; aghalabu husukuma mizigo ghalani, kisha kompyuta huirudisha.

Lipo pia suala la umri wa mashine. Huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mitumba hazikubali Windows 11 hata zikiongezewa RAM.

Anayefunga safari kwenda Mwanza kununua aandike kwanza aina ya RAM inayotumika, kwa kuwa DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, na ya kompyuta ya mezani haiingii kwenye ya mpakato. Idadi ya nafasi zilizotumika inaonekana kwenye ukurasa uleule wa Memory.