Ziwa Turkana: Tarehe ya Boti Iachiwe Upepo

Cheptiret imekaa kando ya barabara kuu ya Eldoret–Nakuru, na likizo ya Desemba ikifika magari mengi ya hapa hugeukia upande mmoja, Nakuru, Nairobi hadi Mombasa. Lakini anayetaka maji mengi na nyika kwa safari moja ana njia nyingine: apite Eldoret, ashike Kitale, Kapenguria na Marich, ateremke hadi Lodwar na Ziwa Turkana, apande boti kwenda Kisiwa cha Kati, na azunguke nchi kavu ya Turkana. Siku hizi vikundi vikiketi kupanga safari hii, jambo la kwanza kupangwa ni tarehe ya boti. Mengine yote hupachikwa kwenye siku zinazobaki. Naona utaratibu huo umepinduliwa. Ziara ya nchi kavu ndiyo inayoweza kupangiwa tarehe. Siku ya ziwani inafaa iachwe wazi, ndani ya siku mbili au tatu, karibu na mwisho wa safari.

Mtindo wa kutanguliza tarehe ya chombo unafaa mahali kama Alaska, ambako meli kubwa hung'oa nanga Seattle au Vancouver kwa ratiba iliyotangazwa mapema sana, na ziara ya treni kwenda mbuga ya Denali hupangwa kuizunguka. Abiria akichelewa, meli haimngoji. Turkana, chombo ni boti ya injini ambayo utaelewana na mwenye boti pale ufukweni, na anayeamua ni upepo. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na hizi zetu pana uwazi mpana wa nchi ya chini. Upepo wa kusini-mashariki ukibanwa hapo huongeza kasi, na huvuma karibu mwaka mzima. Ndio huo unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani, ng'ambo ya mashariki, yenye uwezo wa megawati 310. Kwa kawaida huwa mkali usiku hadi asubuhi, kisha hulegea mchana, ila zipo siku usipolegea. Na ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 250 linaupa nafasi ya kuinua mawimbi makubwa. Mwaka 1934, watafiti wawili wa msafara wa Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena.

Sababu ya pili iko mwilini. Cheptiret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko karibu mita 360. Mtu aliyezoea sweta asubuhi anashuka ndani ya siku moja hadi kwenye joto linalopita nyuzi 35, kisha kesho yake anaketi saa kadhaa juu ya maji yasiyo na kivuli na kupanda kingo za kreta kisiwani. Mwili huanza kulizoea joto baada ya siku chache, kwa hiyo siku hizo zitumike Lodwar, penye kivuli na hospitali. Dawa ya kuzuia malaria nayo iulizwe kabla ya kuondoka, kwa kuwa sisi wa nyanda za juu hatuna kinga ya kutosha.

Nchi kavu yenyewe inatosha kuibeba safari. Kapenguria kuna makumbusho katika gereza la zamani, kumbukumbu ya Jomo Kenyatta na wenzake watano walioshtakiwa mwaka 1952, na barabara hiyohiyo inakufikisha Lodwar, ambako Kenyatta aliwekwa kizuizini kuanzia 1959 baada ya kifungo cha Lokitaung. Njiani kuelekea Kalokol, karibu na ziwa, kuna mawe yaliyosimamishwa ya Namoratunga. Mbali zaidi kaskazini ni Nariokotome, ambako Kamoya Kimeu aligundua mwaka 1984 mabaki ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mifupa yenyewe iko Nairobi, kwa hiyo ambaye hana siku ya ziada asijilaumu kwa kupaacha. Eliye, ufukweni penye chemchemi na mikoma, ndipo pazuri pa kungojea upepo.

Watu watasema siku za kungojea ni pesa. Ni kweli, lakini siku moja ya malazi Eliye au Kalokol ni nafuu kuliko kulipia boti isiyoondoka, au, vibaya zaidi, boti iliyoondoka kwa sababu tu wateja walikuwa na haraka ya kurudi kazini. Pingamizi la usalama ni zito zaidi. Kipande cha Marich, Kainuk hadi Lokichar kimewahi kuwa na mashambulizi ya majambazi. Kipitwe mchana, baada ya kuuliza polisi hali ya siku ile, na wasioridhika na jibu waende Lodwar kwa ndege. Hata hivyo ndege haiwaondolei upepo.

Wengine wakitazama ramani hutaka kuunganisha pande zote mbili za ziwa. Hakuna feri ya kuvusha magari. Kisiwa cha Kati huendewa kutoka magharibi. Kisiwa cha Kusini na mbuga ya Sibiloi ni safari nyingine, kupitia Maralal au Marsabit. Hata ufuo hauaminiki kwenye ramani. Ghuba ya Ferguson ilikauka miaka ya 1980, na kiwanda cha samaki kilichojengwa Kalokol kwa msaada wa Norway kikakosa kazi; miaka ya karibuni maji yamepanda tena na kufunika fuo za zamani. Sehemu ya kupandia boti iulizwe kwa wavuvi wa pale, wiki ileile ya safari.

Basi lipieni malazi na gari mapema, na kiingilio cha kisiwani mkilipe kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kupitia eCitizen siku ya boti ikishajulikana. Kila abiria avae jaketi ya kuokoa maisha tangu ufukweni, na nahodha akisema leo hatuendi, msimwongezee pesa.