Ng'ombe Mnene Mwenye Ugonjwa

Kifua kikuu ni ugonjwa wa wanadamu, tena ni ugonjwa wa ng'ombe. Huletwa na vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Hapo zamani watu wengi walidhani kwamba mtu huurithi kwa wazazi wake. Hata tarehe 24 Machi 1882, daktari mmoja Mjerumani, jina lake Robert Koch, aliwaeleza wataalamu wa Berlin habari za vijidudu hivyo. Alikuwa amevitia rangi, vikaonekana katika hadubini kama vijiti vyembamba.

Lakini mwenye elimu naye hukosea. Mwaka 1901 Koch alisema mjini London kwamba ugonjwa wa ng'ombe hauna hatari kubwa kwa watu. Waingereza hawakulipokea neno hilo bila kulipima. Waliweka tume, ikachunguza miaka 10, na mwaka 1911 ikatoa jawabu lake: vijidudu vya ng'ombe huwaingia watu pia, hasa watoto wanywao maziwa mabichi. Mara nyingi mtoto wa namna hiyo huvimba matezi ya shingo.

Je, ng'ombe mgonjwa hutambulikanaje? Si kwa kumtazama, maana aweza kuwa mnene na kutoa maziwa tele, kumbe ugonjwa umo ndani. Basi mganga wa wanyama hutumia tuberkulini, dawa aliyoitengeneza Koch mwenyewe mwaka 1890. Kwanza hunyoa manyoya mahali padogo shingoni, akapima unene wa ngozi. Kisha humpiga sindano, akatia dawa kidogo ndani ya ngozi. Baada ya saa 72 hurudi kupima tena. Ngozi ikiwa imevimba sana, ni dalili kwamba vijidudu vimemwingia.

Walakini viko vijidudu vingine vya jamii hiyo, kama vile vya ndege, navyo huweza kuivimbisha ngozi. Kwa hiyo pengine mganga hupiga sindano mbili, moja ya tuberkulini ya ng'ombe na moja ya ndege, kisha hulinganisha uvimbe wake. Hivyo hujua ni vijidudu gani.

Mtu akohoaye majuma mawili yampasa kwenda kupimwa makohozi. Na maziwa yachemshwe kila siku, hata yakiwa ya ng'ombe aliye mnene kuliko wote zizini, kwa kuwa moto huua vijidudu ambavyo jicho haliwezi kuviona.