Plazma baridi na kidonda kisichopona

Kijana aliyemleta mama yake kliniki alinionyesha video kwenye simu. Daktari huko Ujerumani ameshika kifaa kama kalamu, ncha yake inatoa mwanga wa zambarau juu ya kidonda cha mguu. "Daktari, mama ana kisukari, kidonda kina miezi minne. Tuuze shamba tumpeleke?"

Kifaa kipo kweli. Kinatoa plazma baridi. Tusiichanganye na plazma ya damu. Hii ni gesi, mara nyingi agoni, iliyopitishwa umeme hadi chembe zake zikapata chaji. Radi nayo ni plazma, ila ile inaunguza. Hii ya hospitali ina joto la chini ya nyuzi 40, mgonjwa anahisi uvuguvugu tu. Ikikutana na hewa huzalisha kemikali kali za oksijeni na naitrojeni zinazotoboa ukuta wa bakteria na kuharibu vinasaba vyake. Ndiyo maana maabara huua hata bakteria sugu kwa antibayotiki.

Mguu wa mtu si maabara. Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa 36 wenye vidonda vya muda mrefu walipewa tiba hiyo dakika tano kila siku, na bakteria walipungua kwa asilimia 34. Walipungua, hawakuisha. Mwaka 2020 utafiti mwingine, wa vidonda vya miguu vya kisukari, ulionyesha vidonda vikipungua ukubwa haraka zaidi, lakini kwa upande wa bakteria haukuona tofauti ya maana na waliopewa tiba ya kuigiza. Na wote waliendelea na matibabu ya kawaida ya kidonda.

Nikamwambia asiuze shamba. Nikamuuliza sukari ya mama ilipimwa lini, na anavaa viatu gani. Hakujua. Nilipofungua bandeji nikakuta unga wa kidonge cha rangi mbili umemwagwa kidondani, kosa ninalokutana nalo karibu kila wiki. Unga huo haufiki walipojificha bakteria. Unawafundisha usugu tu.

Tulikisafisha, tukaondoa nyama iliyokufa, tukarekebisha dawa za sukari, na mama akakatazwa kukanyagia mguu ule. Bandeji inabadilishwa kliniki. Mguu wa mwenye kisukari ukivimba, ukitoa harufu, ukigeuka mweusi, au akipata homa, mleteni siku hiyohiyo, hata kama hasikii maumivu.